Gavana Aliyekalia Kiti cha Hukumu

Watu wengi hunena kwamba mwanasiasa hafai kuwa jaji, kwani sikio lake limezoea kelele za wapiga kura. Neno hili lina ukweli ndani yake. Lakini na tuyatazame maisha ya Bwana Earl Warren wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la California, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Alisoma sheria, akawa mwendesha mashtaka, na mwaka 1939 akawa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lake. Vita na Japani vilipozuka, watu wa pwani ile walijawa na hofu. Warren, ambaye mwaka 1942 alikuwa akiutaka ugavana, alishikilia kwamba watu wa asili ya Kijapani waondolewe. Hujuma haikuonekana, naye akadai kuwa utulivu huo wenyewe ni dalili ya hatari! Hoja ya namna hii mshitakiwa ataijibu kwa lipi? Watu wapatao 120,000 walihamishwa wakatiwa kambini, wengi wao raia wa kuzaliwa. Ugavana akaupata, tena akachaguliwa mara tatu.

Mwaka 1953 Rais Eisenhower alimfanya Jaji Mkuu wa Marekani, hali hajawahi kuwa jaji hata siku moja. Aliikuta kesi ya shule zilizowatenga watoto weusi na weupe. Majimbo 17 yaliamrisha hivyo kwa sheria. Majaji walikuwa tisa, wala hawakuwa na shauri moja. Hapo ndipo ujuzi wake wa siasa ulipomfaa. Hakuwaharakisha kupiga kura. Alizungumza nao mmoja mmoja, akawasikiliza, na jaji mmoja aliyelazwa hospitali alimpelekea maandishi huko huko. Tarehe 17 Mei 1954 wote tisa walitamka kwa kauli moja kwamba utengano ule shuleni wavunja katiba. Hukumu aliiandika fupi, kwa maneno mepesi, ili hata asiye mwanasheria aifahamu.

Je, vijana, ya 1942 yalifutika? Warren alikaa katika kiti kile hata mwaka 1969, na hadharani hakuomba radhi. Alifariki mwaka 1974. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa mwaka 1977, na humo alikiri kwamba amejuta sana, na kwamba dhamiri ilimchoma kila alipowafikiria watoto wale wasio na hatia, walioondolewa majumbani mwao wakawaacha rafiki zao wa shule.