Reti, SHA au kadi ya ambulensi: pesa yako inafika wapi?

Mwenye ploti mtaa wa Free Area, Nakuru, hulipa reti za ardhi kila mwaka. Mpangaji wake haoni bili hiyo, lakini imo ndani ya kodi ya nyumba. Ni rahisi kudhani ndiyo inayotia mafuta ambulensi za Nakuru.

Si hivyo moja kwa moja. Katiba ya 2010 inaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali, na inazikabidhi pia huduma za ambulensi. Lakini reti huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na ada za maegesho, leseni na mgao wa serikali kuu. Ambulensi hugombea fungu lake humo pamoja na barabara na mishahara.

Kiwango cha reti nacho kilikuwa na mpaka. Sheria ya zamani, ambayo nafasi yake imechukuliwa na ile ya 2024, haikuruhusu zaidi ya asilimia 4 ya thamani ya ardhi tupu bila idhini ya waziri. Tuseme ploti ina thamani ya shilingi 1,000,000: mwisho ulikuwa 40,000 kwa mwaka. Ikiwa na vyumba 20, kila chumba kinabeba 2,000. Mjane mwenye nyumba moja kwenye ploti kama hiyo anabeba zote 40,000, na simwoni akipata ambulensi mara ishirini zaidi.

Jimbo la Washington, Marekani, lina kodi ya mali ya huduma za dharura pekee, isiyozidi senti 50 kwa kila dola 1,000 za thamani, nayo hupigiwa kura. Nyumba ya dola 500,000 hailipi zaidi ya 250 kwa mwaka. Angalau mlipaji anajua amenunua nini.

Huku kwetu, kilicho karibu zaidi na kodi hiyo ni SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Ni asilimia 2.75 ya mapato, na si chini ya 300 kwa mwezi. Mshahara wa 40,000 unakatwa 1,100. Muuza mboga asiye na payslip hupimiwa uwezo wake kisha hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, kuanzia 3,600, na hapo ndipo wengi hukwama. Mfuko wa dharura wa SHA wenyewe hutegemea pesa za serikali kuu. Jisajili mapema, na uulize hospitali unayoitegemea kama ina mkataba na SHA.

Kadi ya ambulensi ya kampuni binafsi ni ya kuongezea. Kabla ya kulipa, uliza: gari linalala Nakuru au linatoka Nairobi, kilomita 160 hivi? Linachukua mgonjwa nyumbani, au linahamisha tu kutoka hospitali moja hadi nyingine? Mama mkwe anayekaa kwako amehesabiwa? Nyumba yenye mzee wa presha au mama mjamzito, ningeilipia. Vijana wawili wenye afya wahifadhi 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu, na waweke akiba.

Tuktuk ni rahisi kuliko njia zote hizi, na kwa mkono uliovunjika inatosha. Kwa aliyegongwa barabara kuu ya Nairobi, kumkunja kiti cha nyuma kunaweza kumharibu uti wa mgongo.

Reti usiache kulipa hata hivyo: deni hukwamisha uuzaji wa ploti. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kikao cha maoni kikiitishwa, uliza ambulensi zimetengewa shilingi ngapi.