Fahamu: Kimeng'enya cha bakteria kinachofichua jeni kwa rangi ya buluu

Bakteria E. coli, anayeishi matumboni mwetu, hutengeneza beta-galaktosidesi, kimeng'enya kinachokata laktosi, sukari ya maziwa, ikawa glukosi na galaktosi. François Jacob na Jacques Monod wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walichunguza jinsi jeni ya kimeng'enya hiki inavyowashwa na kuzimwa, wakashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1965.

Matumizi yake maabarani yanapendeza mno. Mtafiti hupachika kipande cha DNA katikati ya jeni hiyo, kisha huotesha bakteria kwenye sahani yenye X-gal, kemikali isiyo na rangi. Kimeng'enya kikiwa kizima huikata, na kundi la bakteria hugeuka buluu. Jeni ikiwa imekatizwa na kipande kile, kundi hubaki jeupe. Kesho yake mtafiti huchokoa meupe tu kwa kijiti, akaendelea kuyapima.