Kabla ya Kushusha Pampu

Hilux yenye injini ya 3L imepakia mahindi na inapanda mlima. Katikati ya mlima inaanza kukata. Dereva anakanyaga mafuta, gari halivuti, mara linazima. Anafungua boneti, anapampu kwa mkono pale juu ya filta, linawaka. Kilomita mbili mbele, limezima tena. Likifikishwa gereji, hukumu mara nyingi hutoka mapema: pampu imekufa, ishushwe.

Hukumu hiyo ni ghali, na pampu nyingi hushushwa bila kosa.

Ili kuona kwa nini, inafaa kufuata safari ya dizeli kutoka tangini. Pikapu za Toyota zenye injini za 2L, 3L na 5L, pamoja na Land Cruiser ya 1HZ, zinatumia pampu ya Denso iliyojengwa kwa muundo wa VE wa kampuni ya Bosch. Ndani ya tangi hamna pampu ya umeme ya kusukuma mafuta. Pampu ya kwenye injini ndiyo inayoyavuta, kupitia mabomba yanayopita chini ya gari, kisha filta. Basi bomba likitoboka upande huo wa kuvuta, halidondoshi dizeli, linaingiza upepo. Chini ya gari panabaki pakavu, na kila mtu anaamini mabomba ni mazima.

Kuna kipimo cha bei ndogo ambacho mafundi wazuri hukitumia. Wanatoa mpira ulio kati ya filta na pampu, wanafunga mpira mwangavu kama ule wa maji, kisha wanawasha injini. Mapovu yakionekana yanapita mfululizo, upepo unaingia kabla ya pampu: kwenye klipu iliyolegea, mpira uliopasuka, oringi ya filta, au pampu yenyewe ya mkono ambayo mpira wake wa ndani umechoka. Kipimo cha pili ni cha dumu. Bomba la kuvutia na la kurudishia yanatumbukizwa kwenye dumu safi lenye dizeli safi, lililofungwa imara mbali na joto la injini. Gari likivuta vizuri, pampu haina kosa. Tatizo liko nyuma: kwenye kichujio cha ndani ya tangi kilichozibwa na takataka, bomba lililobonyea, au mfuniko wa tangi ambao tundu lake la kupumulia limeziba. Takataka za tangini zina tabia yake: gari linazima, likipumzishwa kidogo zinajitenga na kichujio, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Moshi nao husema. Starta ikizungusha injini na ekzosi isitoe moshi wowote, dizeli haifiki kwenye silinda. Ukitoka moshi mweupe na injini isiwake, dizeli inafika lakini haiungui. Hapo plagi za kupasha, kompresheni au taimingi vichunguzwe kwanza. Na gari likigoma kabisa, ikaguliwe waya moja tu inayoingia kwenye solenoidi ya kukatia mafuta, juu ya pampu. Swichi ikifunguliwa, solenoidi inapaswa kulia “tik”. Waya hiyo ikichomoka, pampu nzima kabisa itaonekana maiti.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa ni bolti ya bomba la kurudishia, iliyoandikwa OUT. Ina tundu jembamba linalotunza presha ndani ya pampu. Fundi akiibadilisha na ya kuingizia, kwa kuwa zinafanana, gari linakosa nguvu na kuwaka kwa shida.

Hii haimaanishi kwamba pampu haifi. Inakufa, na muuaji wake mara nyingi ni mafuta. Ndani yake pistoni moja tu hugawa dizeli kwa silinda zote, na nafasi kati yake na ukuta wake ni mikroni chache, wakati unywele wa binadamu una takriban mikroni 70. Hakuna oili nyingine humo. Dizeli ndiyo inayolainisha. Maji yanaleta kutu, na mafuta ya taa hayana ulaini wa kutosha. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulipozidi Tanzania, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe na faida kuchanganywa. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo.

Pampu iliyochakaa kweli ina dalili ambayo ni vigumu kuikosea. Asubuhi gari linawaka vizuri. Likishatembea na kupata moto, likizimwa haliwaki tena mpaka lipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya pembeni mwa pistoni iliyolika, presha haifiki kwenye nozeli. Fundi akifunika kichwa cha pampu kwa kitambaa chenye maji baridi na gari likawaka, hapo pampu ishuke, iende kwa fundi mwenye benchi la kuipimia.

Nozeli zikipimwa, mkono usikaribie. Mchirizi wake hutoka kwa presha inayozidi bar 100 na unaweza kupenya ngozi. Jeraha dogo kama la sindano ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Mwenye pikapu akiambiwa pampu ishushwe, aombe kwanza aonyeshwe mpira mwangavu na dumu. Na ikibidi ishuke, alama za taimingi zichorwe kabla nati ya kwanza haijalegezwa.