Mashindano ya Hisabati kwa Wasichana: Yale Mzazi Anapaswa Kujua

Binti anapochaguliwa kushiriki mashindano ya hisabati, wazazi wengi hudhani ni mtihani mwingine wa kawaida. Sivyo.

Karatasi moja ya hisabati katika KCSE huchukua saa mbili na nusu na ina maswali mengi. Katika Olimpiadi ya Hisabati ya Kimataifa, iliyoanza mwaka wa 1959 nchini Romania, mshiriki hupewa maswali matatu pekee kwa saa nne na nusu, na mengine matatu siku inayofuata. Kinachopimwa ni hoja, si kasi wala fomula za kukariri.

Mfano rahisi: thibitisha kwamba katika darasa la wanafunzi 40, angalau wanne wamezaliwa mwezi mmoja. Tuseme hakuna mwezi wenye zaidi ya wanafunzi watatu. Miezi 12 mara 3 ni wanafunzi 36. Wanne waliobaki hawana pa kuwekwa, hivyo lazima mwezi fulani upate mwanafunzi wa nne.

Kwa nini wasichana watengewe mashindano yao? Katika Olimpiadi ya Kimataifa, wavulana wangali wengi mno. China ilianzisha shindano la wasichana mwaka wa 2002, na Ulaya ikafuata mwaka wa 2012. Barani kwetu, Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika, ambayo Kenya ilikuwa mwenyeji wake jijini Nairobi mwaka wa 2018, huwatuza wasichana kivyao. Uwezo si hoja: Maryam Mirzakhani wa Iran alishinda dhahabu ya kimataifa akiwa mwanafunzi, mwaka wa 1994 na 1995. Mwaka wa 2014 akawa mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Wanaojiunga na Gredi ya 10 huchagua mkondo, na wanaoacha mkondo wa sayansi husoma hisabati nyepesi zaidi. Msichana aliyeaminishwa kuwa hisabati ni ya wavulana anaweza kujifungia mlango wa uhandisi au udaktari mapema.

Elimu ya shule za upili iko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hivyo, wazazi na walezi wanashauriwa kumwona mwalimu wa hisabati shuleni, si afisi za kaunti, na kuuliza mambo matatu: shule hushiriki mashindano gani, nani hugharamia usafiri, na iwapo kuna chama cha hisabati ambacho binti anaweza kujiunga nacho.