Majina yao yataandikwa wapi?

Kule Ubeleji, katika muji wa Blankenberge, kando ya bahari, kuko munara wa wazungu wawili: Lippens na De Bruyne. Ulisimamishwa mwaka 1900. Walikufia wapi? Hapa kwetu Kasongo, mwezi wa 12 mwaka 1892, wakati wa vita ya Wabeleji na Waarabu. Wabebaji wa mizigo na askari weusi waliokufa katika vita ile walikuwa wengi kupita wale wawili. Munara wao uko wapi?

Ndugu wachimbaji na mama zetu, sisemi hivi juu ya kuamsha matata ya zamani. Ninasema juu yetu sisi wa leo. Kasongo inakua. Kule Kabambare, zahabu ya Salamabila imeita vijana kutoka pande zote. Lakini pita kwenye soko na njia panda zetu: matangazo ya simu utayaona. Jina la muchimbaji, mimi sijaona hata moja.

Mwaka jana nilirudi kwa kaburi la mwenzetu aliyefunikwa na udongo ndani ya shimo. Kibao cha muti kiko, lakini mvua imefuta jina. Mujane wake aliniuliza: "Papa, huyu mutoto akikomaa nitamuonyesha nini?" Sikuwa na jibu.

Lubumbashi kuko mufano. Mwezi wa 12 mwaka 1941, wafanyakazi wa Union Minière waligoma juu ya mushahara, na askari wakawapiga masasi kwenye uwanja wa mupira. Léonard Mpoyi alikufa siku ile. Miaka zaidi ya 30 kisha, muchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliwachora katika picha zake za historia ya inchi. Hakungojea jiwe wala shaba. Alitumia kitambaa na rangi, na wale wafu hawakupotea.

Basi na sisi tusingojee musanii wa mbali atuletee sanamu ya muchimbaji anayecheka. Tuko na wale vijana wanaochora milango ya vinyozi na ya duka za dawa. Tuko na matofali. Tujenge ukuta mumoja karibu na soko, Kasongo, na mwingine Salamabila. Tuandike jina, shimo, mwaka. Tuache nafasi chini, maana kazi yetu munaijua. Na jina la mukubwa aliyetoa simenti lisipite majina ya wafu kwa ukubwa.

Ukuta hautarudisha mutu. Lakini mujane akiambiwa "bwana yako hakufanya kazi hapa", atanyoosha kidole.

Kwa hiyo, kabla ya matofali, tuanze na daftari. Kila familia ilete jina kwa mujumbe wa sendika, wangali hai wale wanaokumbuka.