Si kila maumivu ya hedhi ni ya kawaida

Binti akikosa masomo siku mbili tatu kila mwezi kwa sababu ya tumbo la hedhi, aghalabu huambiwa avumilie, kwamba akishazaa yatakwisha. Pengine wewe msomaji, ambaye nyumbani kwenu ni Nyamarambe, Mugirango Kusini, umewahi kumjibu hivyo mdogo wako kwa simu. Kuna wanaopata nafuu wakizaa. Kuna pia wanaopoteza miaka wakingoja.

Maumivu ya kawaida huletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana mji wa mimba ili usukume damu nje. Huanza mwaka mmoja hivi baada ya kuvunja ungo, hukaa siku moja hadi tatu, na hupungua kadiri umri unavyosonga. Chupa ya maji ya moto na tembe za ibuprofeni baada ya chakula hutuliza, ingawa mwenye vidonda vya tumbo amwone daktari kwanza.

Shaka iingie maumivu yanapobadilika. Ikiwa yameanza ukiwa na miaka thelathini, na damu inatoka kwa mabonge, huenda kuna uvimbe kwenye mji wa mimba. Yakiandamana na homa na uchafu wenye harufu mbaya, huenda ni kisonono au klamidia iliyopanda hadi kwenye mirija ya uzazi, nayo huweza kuleta utasa. Koili ya shaba pia huzidisha maumivu kwa baadhi ya wanawake. Na ukiwa hujaona siku zako kisha tumbo likuume ghafla upande mmoja, kimbilia hospitali. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huua.

Ugonjwa unaofichika zaidi ni endometriosi, ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota kwingineko mwilini. Shirika la Afya Duniani lasema unampata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, aliugua tangu alipokuwa msichana. Ulifika hadi kwenye mapafu, akasafiri Marekani kufanyiwa upasuaji.

Ukiwa na mama au dada mwenye ugonjwa huu, mweleze daktari. Andika tarehe, siku ngapi umeumwa na pedi ulizotumia, uende nazo kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Kwa aliye Nyamarambe, hospitali ya rufaa iko mjini Kisii. Picha ya altrasaundi isipoonyesha kitu na maumivu yangalipo, rudi tena. Mara nyingi endometriosi haionekani humo.