Shimo Lisilokuwapo

Upo mchezo wa kurusha visahani vya plastiki ambao Wamarekani waliubuni kwa kuiga gofu. Mchezaji husimama penye alama, akarusha kisahani, akakifuata kilikoangukia na kukirusha tena, hadi kinaswe na minyororo iliyoning'inizwa juu ya kapu la chuma. Mwenye marusho machache zaidi ndiye mshindi. Ed Headrick, aliyelivumbua kapu hilo, ndiye pia aliyechora kiwanja cha kwanza cha kudumu huko Oak Grove, California, mwaka 1975.

Linalonishughulisha mimi ni majina. Kwa Kiingereza, kila sehemu ya kiwanja hicho huitwa shimo, ilhali hakuna shimo lolote. Ni masalio ya gofu, na kwao si kosa, kwa kuwa mazoea yamekwisha kulihalalisha. Lakini mwanafunzi wetu akitafsiri neno kwa neno na kusema "tumemaliza shimo la tatu", msikilizaji atatazama chini. Tuna kapu, ya nini kuazima shimo? Mashabiki wa kandanda walikuwa werevu zaidi: walimtazama mchezaji aliyejibanza nyuma ya walinzi akivizia mpira, wakasema ameotea. Hawakutafsiri neno, walilitaja tendo.

Tuseme basi mwalimu mmoja wa Msambweni anataka kuchora kiwanja kigumu bara, mkabala wa kisiwa cha Chale. Ugumu hautokani na urefu tu. Hutokana na minazi inayobana njia, na zaidi ya yote, na upepo. Kusi ikivuma, kisahani kinachoikabili huinuka na kupinduka. Upepo ukitoka nyuma, kisahani hicho hicho hudidimia kabla ya wakati wake. Mrushaji hodari hukilaza ubavu mmoja, akakiacha upepo ukinyooshe. Je, mwalimu ayaeleze haya kwa istilahi zipi? Zimo vinywani mwa manahodha na wavuvi wa Gazi. Upepo wa mbele ni upepo wa omo. Upande utokako upepo ni joshini, uendako ni demani. Na yule ambaye, badala ya kushindana na upepo kwa rusho moja refu, hukata upande huu kisha upande ule kwa marusho mafupi, anabisha, kama chombo kibishavyo baharini. Naungama kuwa hata dema la kunasia samaki limenitamanisha kuwa jina la kapu, ila minyororo huweza kukitema kisahani, na dema halitemi.

Nasisitiza hili kwa kuwa vijana wa shule za pwani huacha msamiati huu nje ya mlango wa darasa, wakidhani si Kiswahili cha mtihani.

Limebaki suala la mipaka. Kanuni za mchezo humwongezea rusho moja anayetupa kisahani nje. Lakini Chale ina kaya, msitu mtakatifu wa Wadigo. Huko Kinondo, mojawapo ya kaya zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, mgeni hufungwa kaniki kabla ya kuingia, wala hatoki na hata jani. Kisahani kikiangukia msitu wa namna hiyo, mchezaji hana budi kuwaendea wazee kwanza, hesabu ya marusho baadaye.